Kura za mchujo: darasani tulishinda, ukumbini tukasomewa mengine. 2027 tujilinde vipi?

Binti wa Likoni ameuliza:

Asalaam aleikum nyote. Swali langu siwezi kuliuliza bila kueleza yaliyotupata, kwa hivyo nivumilieni kidogo.

Mwaka 2022 nilikuwa wakala wa mgombea wa kiti cha MCA, yaani mjumbe wa wadi kwenye bunge la kaunti, katika mchujo wa chama kimoja, wadi moja huku kwetu Likoni. Chama sikitaji na mtu simtaji, maana sikuja hapa kumharibia mtu jina. Kituo changu kilikuwa darasa la shule ya msingi. Watu walifika alfajiri: kina mama na leso zao, wavuvi waliotoka baharini hata usingizi hawajaupata, vijana wa bodaboda wamezipanga pikipiki ukutani. Vifaa vikachelewa. Tulianza kupiga kura jua lishakuwa kali na yule mama mwenye kuuza mahamri langoni alikuwa ashamaliza beseni lake. Lakini watu hawakuondoka, na hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Walisimama na vitambulisho mkononi, wazee wakakalishwa kivulini, mstari ukangoja.

Jioni mlango ukafungwa, debe likamiminwa juu ya meza ya mwalimu. Kila kura iliinuliwa, ikasomwa kwa sauti, sisi mawakala tukaonyeshwa. Zikafungwa mafungu ya hamsini hamsini kwa mipira. Tulipomaliza, mtu wetu alikuwa na kura 214, aliyemfuata 97, na wa tatu alibaki mbali. Hapakuwa na ubishi, hata wakala wa yule wa pili alimpa wetu mkono. Msimamizi akaandika hesabu kwenye karatasi aliyoichana kwenye daftari la shule, kwa sababu fomu hakuletewa. Tukaomba tutie sahihi, akasema sahihi zitatiwa kituo cha kujumlishia. Nikaomba niipige picha, akaikunja akaitia mfukoni. Debe likafungwa kwa selotepu, likapakiwa kwenye gari la Probox, na wakala hata mmoja hakuruhusiwa kupanda.

Usiku ukumbini kituo chetu kikasomwa. Mtu wetu 114, mwenzake 197.

Angalieni vizuri hizo nambari. Jumla haikuongezeka wala haikupungua hata kura moja. Mia moja zilitoka huku zikaenda kule, basi, na kura zilizopigwa zinalingana sawasawa na watu waliotiwa alama kwenye sajili. Tulipopiga kelele tukaambiwa tuandike barua, tuipeleke kesho yake. Kesho yake tukasikilizwa kwa dakika chache na kikao kilichoketi kwa haraka, na swali lao lilikuwa moja tu: fomu iko wapi? Fomu gani, na hakuna aliyepewa? Cheti cha uteuzi kilikuwa kishatoka. Mgombea wetu akachoka, akatuambia tumwachie Mungu.

Sasa mtoto wa mamangu mdogo ataka kusimama 2027, kiti hicho hicho, chama hicho hicho. Ni mtu wa watu, auza samaki na ndiye mweka hazina wa kikundi cha akiba cha kina mama mtaani kwetu. Nyumbani tumegawanyika. Mamangu asema asipoteze pesa za watoto. Mimi nataka asimame, lakini sitaki kumwona akilizwa vile.

Tukienda kwenye uchaguzi mkuu, mlinzi tunaye. Mwaka 2017, katika kesi ya mwanaharakati Maina Kiai, Mahakama ya Rufaa ilisema matokeo yanayotangazwa kituoni ndiyo ya mwisho, na hakuna wa kuyageuza huko mbele. Mwaka 2022 IEBC, tume ya uchaguzi, ikaweka fomu za kura za urais za vituo vyote, zaidi ya 46,000, kwenye intaneti, na mtu yeyote mwenye simu akazisoma. Huku kwetu mara nyingi mchujo ndio uchaguzi wenyewe: ukishapata tiketi ya chama chenye nguvu mtaani, Agosti waenda kuidhinishwa tu. Kwa nini basi uchaguzi unaoamua usiwe na karatasi mlangoni? Kuna njia ya kuwabana watoe fomu kituoni kabla debe halijaondoka? Na likitokea tena, mtu aanzie wapi, kwa ushahidi gani? Naomba majibu ya watu waliowahi kuyapitia.

---

Mzee wa Bondeni:

Wa aleikum salaam mwanangu. Umesema kweli, na umeisema kwa adabu.

Nikukumbushe jambo ambalo nyinyi mlizaliwa lishapita. Februari 1988, uteuzi wa KANU, chama tawala wakati huo, tulipanga mlolongo. Hapakuwa na debe wala karatasi. Mawakala walisimama uwanjani wakiwa na picha za wagombea, nawe mwanachama ukajipanga nyuma ya picha ya mtu wako, mchana, mbele ya chifu, mbele ya mwajiri wako, mbele ya mwenye nyumba unayempangia. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alipita moja kwa moja, ule uchaguzi wa siri wa mwezi Machi hakuuhitaji tena. Wenye kuutetea walisema huu ndio uwazi wenyewe, kila mtu aona kwa macho yake, nani ataiba mbele ya umati?

Na umati uliona. Sehemu nyingi za nchi mlolongo mrefu ulisomwa mfupi, na mfupi ukasomwa mrefu. Kisha watu wakaambiwa watawanyike. Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa. Watu wakishakwenda majumbani mwao, mlolongo haupo tena. Utahesabu nini mara ya pili? Utampelekea jaji nini, nyayo kwenye mchanga? Maaskofu na mawakili walipiga kelele miaka miwili, ikaundwa kamati ya Profesa Saitoti mwaka 1990 ikazunguka kusikiliza wananchi, na Desemba ya mwaka huo wajumbe wa KANU wakakubali mlolongo na ile asilimia 70 viondoke.

Nimekuambia haya kwa sababu darasa lenu la 2022 lilikuwa mlolongo ule ule. Mliona nyote, hata wakala wa mpinzani aliona. Lakini kilichoonekana hakikubaki mahali. Debe mlikuwa nalo na karatasi mlikuwa nazo, na bado mlirudishwa 1988, kwa sababu ya msimamizi mmoja na mfuko wake wa shati.

Kwa hivyo dadako asimame. Lakini kabla hajachapisha bango hata moja, apiganie karatasi.

---

Mwalimu Mikindani:

Dada, pole. Mimi niliwahi kuwa upande wa pili wa ile meza, msimamizi wa kituo katika mchujo wa chama, upande wa Jomvu. Niliitwa kwa sababu ni mwalimu. Mafunzo yalikuwa ya asubuhi moja, na malipo yalikuja baada ya kupigiwa watu simu sana. Naomba nieleze yanavyokuwa mule ndani, si kwa kumtetea msimamizi wenu.

Kwanza, makosa ya usiku yapo na ni mengi. Mtu ameamka saa tisa ya alfajiri, hajala, anajumlisha kwa tochi ya simu huku vijana wanagonga madirisha. Nimeona jumla ikikosewa kwa kumi, kwa hamsini, bila nia mbaya, na mtu akapewa cheti au akanyimwa kwa kosa la kujumlisha. Lakini hilo lako silo. Kosa la uchovu huharibu nambari moja. Mia kutoka huku na mia hiyo hiyo kuingia kule, jumla isitikisike, huo ni mkono wa mtu aliyekaa akafikiri.

Pili, na hapa naona wewe na mzee mmeiruka sehemu kubwa: sajili. Mnapigania kuhesabu, na mimi nakuambia kura nyingi huamuliwa kabla ya kuhesabiwa, kwa kuamua nani apige. Sheria ya vyama ilivyorekebishwa Januari 2022 yasema mchujo wa moja kwa moja ni wa wanachama waliosajiliwa, na orodha yatoka kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa. Maneno mazuri. Kituoni yaja karatasi ambayo nusu ya walio kwenye mstari hawamo. Mama mwenye leso ya chama tangu zamani hayumo. Kijana asiyejua hata ofisi ya chama iko wapi yumo. Nyote mwakumbuka 2021 Wakenya walivyofungua eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, wakajikuta wamesajiliwa vyama ambavyo hawakuviomba. Sasa wewe msimamizi una watu mia mbili wenye hasira mlangoni, wasema sisi ndio chama. Ukiwafungia, kituo kitavunjwa. Ukiwaruhusu, umevunja sheria na umempa atakayeshindwa sababu ya kufuta kituo kizima. Vilevile karatasi zenyewe za kura hazitoshi. Aprili 2017 Jubilee iliufuta mchujo wake kwa sababu karatasi ziliwaishia watu na fujo zikazuka, ikapanga upya. Chama kilichokuwa serikalini, kina pesa na kina magari.

Kwa hivyo dadako aanze na sajili sasa hivi, si mwezi wa mwisho. Wale kina mama wa kikundi wajitazame mmoja mmoja kwenye eCitizen kama wamo. Asiyekuwemo aandikishwe, aliyesajiliwa chama kingine bila kujua ajiondoe. Siku ya mchujo mawakala wawe na nakala ya sajili yao wenyewe, watie alama kila anayepiga, ili kura za debeni zilinganishwe na alama.

Kuhusu fomu, nina jambo dogo lakini litawafaa. Nambari iandikwe kwa maneno. 214 kwa tarakimu yageuzwa 114 kwa mstari mmoja wa kalamu. "Mia mbili na kumi na nne" haigeuki kuwa "mia moja na kumi na nne" bila kuchora juu yake kila mtu akaona. Fomu ziwe nakala za kutosha: moja ibandikwe mlangoni, moja iende na debe, na kila wakala atoke na yake. Mimi kwenye kituo changu nilifanya hivyo kwa karatasi za kaboni nilizozitoa shuleni. Hakuna aliyeniagiza, na hakuna aliyelalamika kuhusu kituo changu.

---

Kisauni Damu:

Mwajisumbua bure jamani. Mchujo ni pesa, vurugu na watu kuumizwa. Mimi binamu yangu alipasuliwa kichwa kwa jiwe kwenye mchujo, mpaka leo ana alama, na waliogombana leo wanakunywa kahawa pamoja. Bora maafikiano. Tazameni kiti cha ugavana hapa hapa Mombasa 2022. Abdulswamad Nassir na Suleiman Shahbal wote walitaka tiketi ya chama cha ODM, mji ulikuwa umegawanyika, watu wakingojea moto. Wakaitwa wakazungumza na Raila, Shahbal akamwachia mwenzake, ikaisha. Abdulswamad akaenda akashinda. Hakuna aliyechomewa duka Kongowea. Kwani hilo ni baya?

Na dadako akiona chama kitamwonea, aende mgombea huru tangu mwanzo. Huko hana wa kumpokonya cheti.

---

Wakili wa Tononoka:

Salaam kwenu. Nimewahi kusimamia kesi hizi, pande zote mbili, kwa hivyo nitajibu la sheria, kisha niseme na ndugu wa Kisauni.

Njia ina ngazi, na ukiruka ngazi waanguka. Ya kwanza ni kamati ya chama yenyewe ya kutatua mizozo. Ya pili ni Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa. Ya tatu ni Mahakama Kuu, kwa rufaa. Tangu marekebisho ya 2022, Jopo litakuuliza kwanza uonyeshe kwamba ulijaribu ndani ya chama. Watu wengi wenye haki kabisa hufukuzwa hapo mlangoni. Malalamiko yaandikwe, yapelekwe mara moja, na nakala igongwe muhuri. Mpokezi akikataa kugonga, piga picha ya mlango, kisha uitume barua ile ile kwa barua pepe ya chama papo hapo, ili saa ionekane. Hapa saa ni kila kitu. Baada ya mchujo kuna siku chache tu kabla majina kufika IEBC, na karatasi za uchaguzi mkuu zikishaanza kuchapishwa hakuna jaji atakayekubali kwa wepesi kuzisimamisha.

Ushahidi. "Sote tuliona" hautoshi. Jaji hukuuliza swali hili: tofauti unayolalamikia ingebadili mshindi? Kura mia katika kituo kimoja, je, aliyeshinda alishinda wadi nzima kwa ngapi? Kama pengo ni elfu, utaambiwa kasoro ipo lakini haikubadili kitu. Kwa hivyo wakala mmoja jasiri hafai kitu bila wakala katika kila kituo, wote wameandika kwa namna moja. Hati za kiapo za mawakala, na hasa ya wakala wa mpinzani kama yule aliyempa mtu wenu mkono, zina uzito mkubwa sana. Picha ya simu hukubaliwa, ila aliyeipiga aitolee cheti cha ushahidi wa kielektroniki: simu gani, lini, na nani aliyeichapisha. Kuna picha nzuri nyingi zilizokataliwa kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Na lipo jambo ambalo wateja hawapendi kulisikia. Kushinda malalamiko si kupata tiketi. Mara nyingi amri huwa ni cheti kifutwe na chama kirudie uteuzi, na chama chaweza kurudia kwa njia nyingine ambayo kanuni zake zinairuhusu. Nendeni Siaya, Januari 2013. Oburu Oginga na William Oduol waligombania tiketi ya ODM ya ugavana, kila upande wasema umeshinda. Mwisho cheti kilikwenda kwa mtu wa tatu, Cornel Rasanga, naye ndiye aliyekuwa gavana wa kwanza wa kaunti hiyo. Waliopigiwa kura na wanachama wote wawili walikosa.

Ndiyo maana nakubaliana na mzee: pigania karatasi mapema. Kila chama lazima kipeleke kanuni zake za uteuzi kwa IEBC miezi kadhaa kabla ya mchujo. Humo ndimo mnamoandikwa kama fomu hutiwa sahihi kituoni au la, kama wakala hupewa nakala au la, na debe husafirishwa na nani. Kanuni ikisema nakala kwa kila wakala na msimamizi akaikunja akaitia mfukoni, una kesi safi. Kanuni ikinyamaza, una hadithi tu. Katiba, Kifungu cha 91, yavitaka vyama vifanye chaguzi za haki na huru ndani yao, na hilo ni silaha nzuri ya kuingilia kwenye mkutano wa tawi. Lakini kwenye kesi jaji atataka kanuni yenyewe.

Ndugu wa Kisauni, pole kwa binamu yako. Mgombea huru si njia rahisi kama unavyoisema. Kifungu cha 85 chamtaka asiwe mwanachama wa chama kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, kwa hivyo awe nje ya chama mapema mwezi Mei. Apate pia angalau wapiga kura 500 wa wadi wa kumuunga mkono. Vyama vyalijua hilo. Mwaka 2013 vyama vikubwa vilifanya mchujo tarehe 17 Januari, siku ya mwisho ya kupeleka orodha ikiwa inagonga mlango, na wengi waliosema wameonewa hawakuwa na pa kwenda. Wakati wa mchujo kufanyika ni sehemu ya haki yake, si jambo la kalenda tu.

---

Binti wa Likoni:

Shikamoo mzee. Ahsanteni nyote, sikutarajia kujibiwa kwa urefu hivi. Nimeyasoma kwa sauti nyumbani, mamangu akasikiliza kimya, kisha akauliza huyo mwalimu ni wa shule gani.

Kaka wa Kisauni, nikujibu wewe kwanza kwa sababu neno lako ni zito na naliheshimu, damu si kitu cha kuchezewa. Lakini yale maafikiano ya 2022 yalikuwa ya watu wawili wenye majina, wenye pesa, kila mmoja ana wafuasi wa kutosha kumtisha mwenzake. Ndiyo maana waliitwa wakakalishwa. Dadangu ataitwa na nani? Mwenye kuuza samaki hana chumba cha kuitiwa. Kwenye wadi maafikiano huwa ni wazee wanne na mfadhili mmoja, wakitoka huko wasema "tumekubaliana", na mwanamke akiwemo kwenye kinyang'anyiro yeye ndiye anayeombwa akubali, angojee viti vya kuteuliwa. Debe ndiyo nafasi yake pekee. Wale waliosimama juani pale shuleni walikuja na kitu ambacho mfadhili hana, ni wengi. Ukiliondoa debe kwa sababu laibwa, umemmalizia mwizi kazi yake.

Fujo nazo, mimi nimeziona zinapoanzia. Pale kwetu watu walikuwa watulivu tangu alfajiri mpaka kura zikaisha kuhesabiwa. Kelele zilianza ukumbini, tulipoisikia ile 114. Karatasi ingekuwa imebandikwa mlangoni, vijana wangetembea shule hadi shule na kalamu, wakajumlisha wenyewe, wakajua nani kashinda kabla ya ukumbi kufunguliwa. Mtu ajuaye hesabu hana haja ya jiwe.

Wakili, hilo la pengo umenifungua macho. Tulilalamikia kituo chetu tu, na kituo chetu kikawa kama kisiwa. Safari hii nataka kila kituo cha wadi kiwe na wakala aliyefundishwa kuandika namna moja. Kikundi cha kina mama kina watu wanaojua hesabu ya akiba hadi shilingi ya mwisho, hawadanganyiki kwa nambari. Wengi wao hawajawahi kuitwa kuwa mawakala kwa sababu mawakala huchaguliwa vijana wa maskani wanaolipwa. Dadangu nimemwambia, mawakala wako ni hawa.

Mwalimu, la sajili nimelikubali na leo usiku nimewatazamia kina mama watano kwa simu yangu. Wawili wamo, wawili hawamo chama chochote, na mmoja, mama mtu mzima, yumo kwenye chama ambacho hata jina lake alinitaka nimrudilie. Alikasirika mpaka akavua miwani. Sasa ndiye anayewasukuma wenzake waje watazamwe.

Hilo la kuandika kwa maneno, wallahi nililala nalifikiria. Wanichorea hiyo fomu? Mistari ya mgombea, tarakimu, maneno, kura zilizoharibika, idadi ya waliotiwa alama kwenye sajili, na nafasi ya sahihi za mawakala wote. Nataka niende nayo kwenye mkutano wa tawi, niiweke mezani, niwaulize ni nani asiyeitaka na aseme kwa nini.

Na Wakili, kanuni za uteuzi za chama nitazipata wapi? Ofisi ya tawi wananiambia ziko Nairobi, na Nairobi simu haishikwi.

---

Mwalimu Mikindani:

Nitaichora kesho jioni nikishamaliza kusahihisha. Ongeza safu mbili ulizozisahau: saa ambayo kuhesabu kulimalizika, na nambari ya usajili ya gari linalobeba debe. Hiyo ya pili waandike mawakala wenyewe, wasingoje kuambiwa.

---

Mzee wa Bondeni:

Marahaba mwanangu. Mkutano wa tawi ukiwa siku ambayo si Ijumaa mchana, nitavuka feri nije nikae nyuma. Wazee wa chama wengine twajuana tangu enzi hizo za mlolongo. Itakuwa vigumu kwao kunikatalia karatasi usoni.

---

Wakili wa Tononoka:

Usiombe kwa simu. Andika barua kwa katibu wa tawi, nakala kwa katibu mkuu Nairobi, useme wewe ni mwanachama, utaje namba yako ya uanachama, na uombe kanuni za uteuzi zinazotumika pamoja na rasimu ya mabadiliko kama ipo. Taja Kifungu cha 35 cha Katiba: una haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa mwingine ukiihitaji kulinda haki yako, na haki ya kugombea na kupiga kura ndani ya chama imo kwenye Kifungu cha 38. Wape siku za kujibu, uziandike. Dadako naye aandike yake, barua mbili tofauti, na kila moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya hadi siku hizo zipite, nipigie mlango ofisini na nakala zote mbili.